Kila Mashine na Maktaba Yake: Mwalimu wa Shule ya Msingi Afanye Nini?

Miongoni mwa mambo yanayomvunja moyo mwalimu kijana anayeanza kufundisha mambo ya TEHAMA katika shule ya msingi, liko moja ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika mafunzo ya ualimu. Ni ile hali ya programu kufanya kazi vizuri katika mashine moja na kukataa kabisa kufunguka katika mashine ya pili, ingawa mashine zote mbili ni nzima, umeme upo, na mwalimu ameandaa somo lake kwa bidii. Watoto wamekwisha kaa watatu watatu mbele ya kioo. Kioo kinatoa maneno machache ya Kiingereza kwamba faili fulani halikuonekana. Na kipindi kinapotea.

Tuchukue mfano wa shule iliyo kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mbali kidogo na barabara kuu iendayo Kyela. Mwalimu wa shule hiyo anacho kishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa katika elimu na kugawiwa walimu, navyo vinatumia mfumo endeshi wa Android. Shule yenyewe inazo kompyuta chache za msaada, zilizokwisha tumika kwingine, zenye mfumo wa Windows wa matoleo mbalimbali. Huenda kompyuta moja, kwa sababu ya uzee wake, imewekewa mfumo wa Linux na fundi mwenye busara. Basi hiyo ni shule moja yenye mifumo mitatu. Mwanachuo aliyeandaa somo lake katika kompyuta ya chuo, hapo Tukuyu au Mpuguso, akalibeba katika flashi mpaka katika shule hiyo, anaingia darasani bila kujua kama kazi yake itafunguka.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili halitokani na ubovu wa mashine, wala halipaswi kuachiwa fundi peke yake. Chanzo chake kikubwa ni kutokupatana kwa maktaba za programu kati ya mfumo na mfumo. Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kulielewa vizuri, kwanza apate kuchagua zana zake kwa akili, na pili apate kuwafundisha watoto jambo lenye thamani kuliko kubonyeza vitufe.

Maktaba ya pamoja ni nini?

Programu haijengwi yote na mtu mmoja. Mtu anayetunga programu ya kuwafundisha watoto kujumlisha haanzi kwa kutunga upya namna ya kuchora herufi kwenye kioo, namna ya kutoa sauti, au namna ya kufungua faili. Kazi hizo zimekwisha fanywa na wengine, zikapangwa katika mafungu yanayoitwa maktaba za programu. Mtungaji huandika tu, kwa lugha ya kompyuta, amri ya kuita kazi fulani kwa jina lake, na maktaba ikaitekeleza.

Ziko njia mbili za kuitumia maktaba hiyo. Njia ya kwanza ni kunakili kazi zinazohitajiwa na kuzitia ndani ya programu yenyewe, hata programu ikawa imekamilika kama msafiri aliyebeba chakula chake chote. Njia ya pili ni kuiweka maktaba mahali pamoja katika mashine, na kila programu ikaiita pale inapoihitaji. Hii ya pili ndiyo iitwayo maktaba ya pamoja. Katika Windows faili za maktaba hizo huishia na herufi dll. Katika Linux huishia na so, aghalabu zikifuatwa na namba ya toleo. Na katika kompyuta za Apple huishia na dylib.

Faida za kushirikiana ni kubwa. Programu 20 zinazotumia maktaba moja hazihitaji nakala 20 za kitu kilekile, kwa hiyo nafasi katika diski na katika kumbukumbu ya mashine huokolewa. Tena, kasoro ikigunduliwa katika maktaba, ukarabati wa mahali pamoja huwafaa wote. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa ya usalama, iliyopewa jina la Heartbleed, katika maktaba iitwayo OpenSSL, ambayo hutumiwa na tovuti nyingi duniani kuficha siri za mawasiliano. Mahali ambapo OpenSSL ilikuwa maktaba ya pamoja, kuibadili hiyo moja na kuzianzisha upya programu zilizoitumia kuliiondoa kasoro katika programu zote hizo. Lakini mahali ambapo kila programu ilikuwa na nakala yake ya ndani, ilibidi kuzitafuta na kuzirekebisha moja moja.

Hata hivyo, anayetegemea cha pamoja hutegemea pia kuwapo kwake. Programu inapoanzishwa, mfumo endeshi husoma orodha ya maktaba zinazotakiwa, ukazitafuta na kuziunganisha. Ikikosekana moja, programu haianzi. Ikiwapo lakini ni ya toleo jingine, ambalo kazi fulani imeondolewa au imebadilishwa, programu huweza kuanza na kuanguka njiani, au, vibaya zaidi, ikatoa jibu lisilo sahihi.

Kwa nini hazipatani?

Mwanachuo wa Tukuyu anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano ulio karibu naye. Akisafiri hadi Mbeya, mwendo wa kilometa zipatazo 70, ataikuta reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia. Upana kati ya vyuma viwili vya reli hiyo ni milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, ambazo hazifikii hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa milimita hizo 67, behewa la reli moja haliwezi kuendelea na safari juu ya reli ya pili. Huko Kidatu, ambako njia hizo mbili hukutana, palifunguliwa mwaka 1998 kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la upande mmoja hadi behewa la upande wa pili. Na reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, hailingani na yoyote kati ya hizo mbili.

Katika habari hiyo tusimlaumu yeyote. Mzigo ni mzima, behewa ni zima, na reli ni nzima. Kinachokosekana ni mapatano juu ya kipimo. Ndivyo ilivyo kwa programu, ila huku vipimo vinavyotofautiana ni vitatu.

Kwanza ni muundo wa faili lenyewe. Windows hutumia muundo uitwao PE, Linux hutumia ELF, na kompyuta za Apple hutumia Mach-O. Mfumo endeshi ukipewa faili la muundo usiouelewa hauwezi hata kujua mlango wake uko wapi, ingawa kazi iliyomo ndani ni ileile.

Pili ni majina na desturi za kuita kazi. Programu ya Windows inayotaka kufungua faili huita kazi iitwayo CreateFile. Ya Linux huita kazi iitwayo open. Maana inakaribiana, lakini majina ni mbali, na maelezo yanayotakiwa kutolewa wakati wa kuita ni tofauti. Anayebisha hodi kwa jina lisilojulikana katika nyumba hiyo hafunguliwi.

Tatu ni kichakataji, yaani kile kiungo cha mashine kinachotekeleza amri. Kompyuta nyingi za mezani za Windows zina vichakataji vya jamii ya x86, vinavyotengenezwa na Intel na AMD, ilhali vishikwambi na simu vina vichakataji vya jamii ya ARM kwa sehemu kubwa. Amri za jamii moja hazieleweki kwa jamii nyingine.

Wala undugu wa mifumo si dhamana. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na kwa hiyo mtu angedhani kwamba programu ya kompyuta ya Linux itafunguka katika kishikwambi. Haifunguki hivihivi. Maktaba ya msingi ya kompyuta nyingi za Linux huitwa glibc, lakini watengenezaji wa Android waliweka nyingine iitwayo Bionic, na juu yake wakaweka desturi zao wenyewe. Mifumo hiyo miwili ina mzazi mmoja, lakini kila mmoja una nyumba yake na funguo zake.

Njia walizozitafuta wataalamu

Wataalamu hawakukaa kimya mbele ya tatizo hili. Ni vyema mwanachuo azijue njia kuu walizozifuata, kwa kuwa kila njia ina faida na gharama yake.

Njia ya kwanza ni ya mkalimani. Mwaka 1993 ilianzishwa programu iitwayo Wine, ambayo huiwezesha Linux kuendesha programu nyingi za Windows. Wine haiigi kompyuta nzima. Inachofanya ni kutoa maktaba zenye majina yale yanayotarajiwa na programu ya Windows, lakini zilizoandikwa upya ili kazi yenyewe ifanywe na Linux. Hii inafanana na kazi ya Kidatu: mzigo unapita, lakini kwa kazi ya ziada, na iko mizigo inayokwama.

Njia ya pili ni ya mashine ya kufikirika. Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, haimwandikii amri mfumo wowote kati ya hiyo tuliyoitaja. Huiandikia mashine isiyokuwapo kwa chuma, kisha kila mfumo ukawekewa programu ya kuitafsiri mashine hiyo. Gharama yake ni kwamba mtafsiri huyo hana budi awepo, na awe wa toleo linalofaa.

Njia ya tatu ni kujenga programu juu ya maktaba ambayo yenyewe imekwisha andaliwa kwa mifumo mingi. Hapa upo mfano unaotuhusu sana sisi wa elimu ya msingi. Mwaka 2000 mtaalamu wa Ufaransa, Bruno Coudoin, alianza kutoa mkusanyo wa michezo ya kuwafundisha watoto wadogo hesabu, kusoma na mambo mengine, uitwao GCompris. Jina hilo kwa matamshi ya Kifaransa lina maana ya "nimeelewa". Kwa miaka mingi mkusanyo huo ulitegemea maktaba iitwayo GTK. Vishikwambi vilipoenea, watungaji wake waliona kwamba kwa maktaba ile hawataweza kuwafikia watoto wanaotumia vifaa hivyo. Mwaka 2014 wakaanza kuiandika upya kazi yao juu ya maktaba nyingine iitwayo Qt, yenye asili ya Norwei. Sasa GCompris inapatikana kwa Windows, kwa Linux na kwa Android, bila malipo.

Tuuzingatie uamuzi huo. Watu waliokuwa na kazi nzima, inayotumika, walikubali kuijenga tena tangu msingi ili mtoto mwenye kishikwambi asiachwe nyuma. Lau wangesema kwamba kila mtu atafute kompyuta kama yetu, shule ya mfano wetu wa Rungwe ingekuwa na programu nzuri katika kompyuta moja ya pembeni, na vishikwambi vingebaki vitupu.

Njia ya nne ni ya mapatano. Mwaka 1988 ilitolewa sanifu iitwayo POSIX, inayoeleza majina na desturi za kazi za msingi ambazo mifumo ya jamii ya Unix ikubaliane. Vivyo hivyo kwa mafaili ya maandishi: mwaka 2006 muundo uitwao OpenDocument ulikubaliwa kuwa sanifu ya kimataifa, ili maandishi ya mtu yasifungwe ndani ya programu ya kampuni moja.

Njia hii si ngeni kwetu Waswahili. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifishaji huo. Yapo mengi ya kujadili juu ya waliofanya uchaguzi huo na waliopuuzwa, lakini tokeo lake ni kwamba kitabu kilichochapwa Nairobi kiliweza kusomwa Tukuyu na mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kinyakyusa. Lugha sanifu ni maktaba ya pamoja ya maneno: faida yake hudumu maadamu wote wanakubaliana juu ya maana.

Hata katika kompyuta, Kiswahili kimekwisha pita katika njia hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili. Msingi wake, OpenOffice, ulikuwa umeandaliwa kwa mifumo zaidi ya mmoja, Windows na Linux zikiwamo. Kilichowezesha jambo hilo ni kwamba chanzo cha programu kilikuwa wazi, na mapatano ya miundo yalikuwapo.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba mwalimu wa darasa la nne anatosha kujua mahali pa kubonyeza. Hoja hiyo ina uzito kidogo, kwa sababu hatuwatumi wanachuo wakatunge maktaba. Lakini mwalimu wa sayansi hatengenezi dawa ya malaria, na bado tunamtaka ajue ugonjwa unaenezwaje. Mwalimu asiyejua kwa nini programu imegoma atasema mashine imeharibika, nayo itafungiwa stoo. Mashine nyingi nzima huweza kupotea kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kuandika hasara.

Wapo wengine watakaosema kwamba dawa ni shule zote nchini kutumia mfumo mmoja wa kampuni moja. Fikra hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini shule zetu hazichagui mashine kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Hupokea kinachopatikana: leo vishikwambi vya sensa, kesho kompyuta za msaada. Isitoshe, kampuni ina mipango yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai vipimo ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Shule iliyojifunga kwa mfumo mmoja hujikuta na uchaguzi wa kununua mashine mpya au kuendelea na mfumo usiorekebishwa kasoro za usalama. Shule iliyochagua programu zinazopatana na mifumo mingi ina uchaguzi wa tatu: kuziwekea mashine zile Linux, na kesho yake watoto wakaendelea na mazoezi yaleyale.

Wapo pia watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika intaneti, na kivinjari kinafunguka katika mfumo wowote. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, na kivinjari ni mojawapo ya mapatano makubwa ya zama zetu. Lakini mwalimu asisahau kwamba mtandao una gharama, na kwamba mahali pengi vijijini haupatikani kwa uhakika. Lililo jema ni kuchukua sehemu ya hoja hiyo inayotufaa: somo lililoandikwa kwa muundo wa kurasa za tovuti na kuhifadhiwa katika flashi, pamoja na picha zake zote, huweza kufunguliwa na kivinjari bila mtandao.

Somo la darasani lisilohitaji kompyuta

Napenda sasa kutoa pendekezo la somo kwa Darasa la V. Vifaa vyake ni vipande vya boksi, chaki, rula na karatasi. Lengo ni mwanafunzi aelewe kwa vitendo maana ya kutegemea maktaba, na maana ya mapatano.

Mwalimu abandike kadi za kazi kwenye kuta mbili za darasa. Katika ukuta wa mashariki ziwe kadi tatu: MRABA, inayosema "chora mraba wenye pande za sentimeta zilizotajwa", MSTARI, inayosema "chora mstari ulionyooka wa sentimeta zilizotajwa", na DUARA, inayosema "chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta zilizotajwa". Katika ukuta wa magharibi ziwe kadi mbili tu: MRABA, lakini wenye pande za upana wa vidole vilivyotajwa, na NYOOSHA, ambayo kazi yake ni ileile ya MSTARI.

Kisha kila kundi lipewe karatasi ya amri: "Ita MRABA 6. Ita MSTARI 10. Ita DUARA 2." Makundi yaanze kwenye ukuta wa mashariki, ambako kazi itakwenda vizuri. Baadaye yaende na karatasi ileile kwenye ukuta wa magharibi. Hapo watoto wenyewe watagundua makosa matatu. DUARA haipo kabisa. MSTARI upo, lakini kwa jina jingine. MRABA upo kwa jina lilelile, nao unachorwa, ila si wa kipimo kilichokusudiwa. Mwalimu aulize: katika makosa hayo matatu, lipi ni la hatari zaidi? Awape muda wa kubishana. Wengi wataanza kwa kutaja lile la kwanza, kwa kuwa linaonekana. Lakini wakiongozwa vizuri watafika katika la tatu, ambalo halitoi onyo lolote.

Hatua ya mwisho ni kuwaachia watafute dawa. Kundi moja litapendekeza kunakili kadi za mashariki na kutembea nazo. Hiyo ndiyo programu inayobeba maktaba zake. Kundi jingine litapendekeza kumweka mwenzao karibu na ukuta wa magharibi, ambaye akisikia MSTARI atasoma NYOOSHA, na akisikia sentimeta atapima kwa rula. Huyo ndiye mkalimani, kama Wine. Na huenda kundi la tatu likasema kwamba kuta zote mbili zikae kikao na kukubaliana juu ya orodha moja ya majina na kipimo kimoja. Kikao hicho kifanyike kweli, darasani, na orodha iandikwe ubaoni. Mtoto aliyewahi kushiriki katika kuandika sanifu ndogo ya namna hiyo hatazisahau maana zake, hata kama hajagusa kompyuta.

Wajibu wa mwanachuo

Kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, natoa mashauri manne. La kwanza, kabla ya kuandaa somo, ulizia shule ina mashine gani, za mfumo gani na wa toleo gani. Swali hilo liulizwe pamoja na lile la idadi ya wanafunzi. La pili, chagua programu zinazopatikana kwa mifumo yote iliyopo shuleni, hata kama iko nyingine yenye mapambo mazuri zaidi katika mfumo mmoja. La tatu, hifadhi maandishi yako katika miundo iliyo sanifu na wazi, ili mwalimu atakayekufuata aweze kuyafungua na kuyarekebisha. La nne, jaribu kila kitu katika mashine ileile watakayoitumia watoto, siku moja kabla, na siyo dakika tano kabla ya kengele.

Mashauri haya hayadai fedha, yanadai uangalifu. Lakini nyuma yake liko jambo la haki. Watoto wa shule ya mjini, yenye mashine za aina moja na fundi wa karibu, watajifunza hata kama mwalimu wao hajui neno maktaba lina maana gani katika kompyuta. Watoto wa shule ya mlimani, yenye mashine za kuokoteza, watajifunza kwa sharti kwamba mwalimu wao anajua. Huko ndiko wengi wa wanachuo wa leo watakakopangwa, na kwa watoto hao ujuzi huu ndio utakaoamua kama kompyuta zilizoko stoo ni mali au ni vyuma.